Mathe Ameitisha Doh ya Dawa ya Magugu? Soma Hii Kabla Hujatuma

Kuna meseji moja hutumwa kila mwaka kutoka Sigalagala kwenda Kangemi, Kawangware, Pipeline na kila mtaa ambapo Mluhya amewahi kulipa nyumba. Inaingia Aprili hivi ama Mei, mvua ikiwa imeshika: "Shamba imemezwa na nyasi. Tuma kitu ya dawa." Zamani hiyo meseji ilikuwa inaitisha pesa ya vibarua. Siku hizi inaitisha dawa. Unatuma, unaambiwa ubarikiwe, unarudi TikTok.

Poa. Lakini unajua umenunua nini?

Leo tunaongea majani. Tulia, si yale ya kusokota. Hii ni risto ya magugu, zile nyasi na vimimea vinavyoota katikati ya mahindi bila kualikwa, na dawa zinazouzwa kuviua. Najua uliingia hapa kutafuta udaku, na upo, hauendi mahali. Lakini hii inagusa ugali yako, mgongo wa mathe, na ngozi ya huyo kijana wa jirani anayebebeshwa pampu. Nipe dakika kumi.

Jembe lilienda wapi?

Kama hujawahi fika Sigalagala, ni hapo kwa barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, upande wa Ikolomani, unaipita kabla ufike Khayega. Wengi wanaijua sababu ya politekniki ya kitaifa. Wengine wanajua tu ni zile sehemu ambapo mafahali wanapiganishwa na kijiji kizima kinaenda kushabikia kuliko derby.

Mashamba ya huko ni madogo. Robo ekari, nusu, ekari moja ukiwa na bahati, maana kila kizazi kinagawa kilichogawanywa. Na kwa hiyo robo kuna kila kitu: mahindi, maharagwe katikati ya mahindi, kunde, ndizi kwa kona, nepia ya ng'ombe pale chini, majani chai kwa wengine. Shika hiyo picha vizuri kwa kichwa. Ndiyo itaamua kama dawa itasaidia ama itaharibu.

Sasa, mahindi iko na siku zake za utotoni ambazo ni hatari. Tangu itokeze hadi karibu wiki ya sita, gugu likiwa karibu linakunywa maji yake, linakula ile mbolea ulijinyima ukatuma, na linaiziba jua. Ukiacha shamba bila kupalilia kabisa, unaweza kupoteza nusu ya mavuno ama zaidi. Ndio maana lazima palizi ipigwe mara mbili: ya kwanza mahindi ikiwa na wiki mbili, tatu, na ya pili ikikaribia magoti. Si baadaye. Palizi ya kuchelewa ni kama kuzima moto nyumba ikishaungua, unachoka na hauokoi kitu.

Nani alikuwa anainama? Wamama na watoto, tuseme ukweli. Halafu 2003 ikaja elimu ya msingi ya bure, watoto wakaenda shule, na hilo hakuna mtu anaweza kulia juu yake. Nduthi ikaja ikachukua vijana, maana kubeba watu kutoka Khayega kunakuwekea doh mfukoni jioni hiyo hiyo, na mahindi inakulipa Agosti kama italipa. Nairobi ikachukua waliobaki. Sasa kwa boma kuna mathe, pengine shosho, na kitinda mimba wa Form Two ambaye akiona jembe anakumbuka ghafla ako na homiwaki. Vibarua wapo, lakini mvua ilinyeshea watu wote siku moja, kwa hivyo kila mtu anawataka wiki ile ile. Wanataka pesa, chai na chakula, na wako na haki.

Upande ule mwingine, dawa ilikuwa inashuka bei. Roundup iliingia sokoni 1974, mali ya kampuni ya Marekani iitwayo Monsanto. Kwa miaka mingi walikuwa na haki ya kuitengeneza peke yao. Hiyo haki iliisha Marekani mwaka 2000, na viwanda vya China na India vikaingia mzimamzima. Kitu kilikuwa cha mashamba makubwa ya ngano na miwa kikaanza kuuzwa kwa kachupa kadogo kwa kila agroveti Afrika Mashariki. Vibarua wamepanda, chupa imeshuka. Hesabu ya mathe si ngumu, na kabla hujaanza kumhubiria, jiulize ni lini mara ya mwisho wewe ulishika jembe.

"Nipe raundapu"

Kwa agroveti watu wanaitisha "raundapu" vile tunaitana Omo hata kama sabuni ni ya kampuni ingine. Hapo ndio shida huanza. Kwa hiyo shelfu kuna dawa tofauti kabisa, zinaua vitu tofauti kwa njia tofauti, na muuzaji akiwa na haraka anakupatia ile imebaki. Mimi niliacha college kabla ya kumaliza na kemia haikuwa stori yangu, lakini hii inaeleweka hata ukiwa stage ya boda.

Ile maarufu inaitwa glifoseti. Jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo kwa lebo, chini ya lile jina kubwa la biashara, na hilo dogo ndilo la maana. Glifoseti haina urafiki. Inaua chochote cha kijani, pamoja na mahindi ya kawaida. Inaingia kwa majani, inasafiri ndani ya mmea hadi mizizi, halafu inafunga mtambo mmoja ambao mmea unatumia kutengeneza vitu vya kujengea protini. Mmea unakufa njaa polepole. Siku ya tatu bado uko kijani unakucheka. Wiki moja ama mbili ndio unageuka njano. Wasee wengi hawana hiyo subira. Siku ya nne wanasema dawa ni feki, wanarudi kupuliza tena maradufu.

Na kuna kitu agroveti wengi hawakuambiangi. Glifoseti ikigusana na udongo inashikamana nao na nguvu inapungua. Sasa fikiria vile mambo huenda: kijana anachota maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa, anajaza pampu, anatia dawa, anapuliza. Ashaiua dawa ndani ya pampu. Hiyo pesa yako imeshikana na matope. Maji lazima yawe safi. Mvua isinyeshe saa chache baada ya kupuliza, na Kakamega mvua ya saa tisa mchana iko na ratiba kuliko SGR. Tena usilime siku inayofuata, ngoja siku zile lebo imesema, ndio sumu ifike mizizini. Hii ni muhimu sana kwa zile nyasi za mizizi mirefu myeupe kama kamba, zile ukikata kipande kwa jembe kila kipande kinakuwa nyasi mpya. Kwa hizo, nakubali, glifoseti kabla ya kupanda inasaidia kuliko jembe.

Halafu kuna dawa za kuchagua. Maarufu ni 2,4-D, ya zamani, ilianza kutumika miaka ya 1940. Hii inaua mimea ya majani mapana na kuacha familia ya nyasi. Mahindi, ukiacha maringo yake, ni nyasi. Kwa hivyo unaweza puliza mahindi ikiwa shambani na magugu yakakauka. Sauti tamu, eh? Rudi kwa ile picha nilikuambia ushike. Maharagwe ni majani mapana. Kunde ni majani mapana. Kijana akipiga hiyo dawa kwa shamba lenu, mahindi itabaki imesimama peke yake kama mlinzi wa usiku, na maharagwe yote yamejikunja yamekufa. Hiyo dawa iliwaziwa mtu wa Trans Nzoia mwenye ekari mia za mahindi tupu. Robo ekari ya Ikolomani haikuwa kwa akili ya mtu.

Kuna pia za kupuliza kwa udongo mara tu ukishapanda, kabla kitu kiote. Nyingi ziko na atrazini. Hii inakaa kwa udongo muda mrefu, na inaweza kukuharibia maharagwe ya msimu unaofuata. Inapenda pia kuteremka na maji. Ulaya waliiondoa sokoni miaka ya 2000 mwanzoni sababu ilikuwa inaingia kwa maji yao ya chini ya ardhi. Sisi huku bado mathe anachota maji kwa chemchemi ile iko chini ya shamba.

Mboga ambayo umeita gugu

Hapa ndio mimi huwa nachemka, kwa hivyo nivumilie.

Gugu ni nini? Mwanafunzi wa kilimo atakuambia ni mmea ulioota mahali hautakiwi. Sawa, hautakiwi na nani? Mvua ya kwanza ikipiga shamba lililochimbwa, kwa udongo wetu kunatokea vitu vyenyewe bila mtu kupanda: lisutsa, yaani managu. Tsisaka, yaani saga. Terere. Mrenda. Hizo mboga Nairobi unauziwa kafungu kadogo kwa bei ya kuudhi, halafu kwa hoteli wanakuandikia "mboga za kienyeji" na kuongeza bei tena.

Mama anayepalilia kwa mkono anang'oa kishona nguo, zile sindano nyeusi zinashika suruali, anang'oa nyasi, lakini akifika kwa lisutsa jembe linapinda linapita kando. Anaiacha ikue. Jioni anachuma. Anajua pia majani yapi anabeba kwa kichwa apelekee ng'ombe, na hiyo ni maziwa ya kesho. Kwa hivyo vile unaona mtu anainama kwa shamba unadhani ni palizi tu, kumbe ni palizi, ni kwenda sokoni, na ni kulisha ng'ombe, zote mara moja.

Na angalia wakati. Aprili, Mei, Juni ni ile miezi gunia la mwaka jana limeisha na mahindi mpya bado. Ndiyo miezi njaa hutembea Western bila viatu. Ndiyo miezi hiyo hiyo mboga za bure zinaota. Dawa haina macho. Haijui lisutsa na kishona nguo ni watu tofauti. Ikipita, imepita na zote, na wiki inayofuata simu inalia tena: "Tuma kitu ya mboga." Kwa hivyo unapolinganisha bei ya chupa na bei ya vibarua wawili, ongeza hapo sukuma ya miezi mitatu, maharagwe yaliyokufa na majani ya ng'ombe. Ukimaliza hiyo hesabu, chupa si rahisi vile ulikuwa unadhani.

Kuna kitu kingine kinauma. Siku hizi watu wanapuliza hadi kando ya barabara na mipakani, sababu ni rahisi kuliko kufyeka. Hakuna kibao, hakuna mtu amesema. Jirani anapita na mundu anakatia ng'ombe wake nyasi ambazo zimepulizwa asubuhi. Na upepo haujui mpaka wa shamba. Kwa mashamba yaliyobanana hivi, dawa yako ni ya jirani pia, na nyanya zake zikijikunja hiyo kesi inaishia kwa chifu.

Ile ya kuogopa

Kati ya zote, moja nataka uijue kwa jina: parakwati. Wengi wanaijua kama Gramoxone. Watu wanaipenda sababu iko na haraka. Unapuliza asubuhi, jua likiwaka kufikia jioni majani yameungua. Lakini inachoma juu tu, mizizi ya zile nyasi sugu inabaki na inarudi. Na kwa binadamu ni noma. Funda moja inaweza kuua, na hakuna dawa ya kuirudisha. Inaharibu mapafu polepole mgonjwa akiwa macho anaongea. Uswisi waliipiga marufuku 1989. Umoja wa Ulaya iliondoka 2007. Ila kampuni ya Syngenta, ambayo makao yake ni Uswisi, iliendelea miaka mingi kuitengeneza Uingereza kwa kiwanda cha Huddersfield na kuiuza nchi za nje, wakati mkulima wa Uingereza mwenyewe haruhusiwi kuitumia. Soma hiyo sentensi tena ukitaka.

Kwa lebo parakwati iko na ukanda wa njano, maana rangi zinapangwa hivi: nyekundu ndiyo kali zaidi, halafu njano, bluu, kijani. Mtu anaona njano anafikiria ni ya katikati tu, si mbaya. Halafu mwenye duka anampimia kidogo kwa chupa ya soda, sababu chupa nzima ni ghali. Inawekwa kwa dirisha la jikoni. Unajua vile inaendelea. Kama kuna kitu kimoja utachukua kwa hii makala, ni hicho: dawa yoyote ya shamba isiwahi kuingia kwa chupa ya soda. Hata kama ni ya siku moja.

Na kansa je?

Hii ndiyo swali kila mtu huuliza, na jibu halikai kwa meme. Machi 2015, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka glifoseti kwa kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani kwa binadamu. Wadhibiti wa Marekani na wa Ulaya wakasema ushahidi wao hauonyeshi hivyo kwa matumizi ya kawaida, na Novemba 2023 Ulaya ikaongeza kibali cha glifoseti miaka 10. Katikati hapo, 2018, jopo la mahakama California likamtunuku Dewayne Johnson, mfanyakazi aliyekuwa akipuliza nyasi za shule na akapata saratani ya limfu, dola milioni 289, ambazo baadaye zilikatwa hadi milioni 20 na kitu. Mwaka huo huo Bayer ya Ujerumani ilikuwa imeshanunua Monsanto, ikanunua na kesi zake zote. 2020 ikakubali kutoa karibu dola bilioni 10 kutuliza walalamishi.

Hapa Kenya, 2019, Gladys Shollei akiwa mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu alipeleka ombi bungeni dawa hatari ziondolewe. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kuondoa dawa kadhaa sokoni na kuwekea zingine masharti. Kwa hivyo kabla ya kununua, hakikisha kwa lebo kuna namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya kudhibiti dawa za wadudu na magugu. Hakuna namba, hakuna pesa.

Mimi maoni yangu: bishaneni juu ya kansa, lakini angalia kwanza nani anapuliza. Wanaobishana Brussels wanafikiria mtu ako na ovaroli, glavu, gambuti na miwani, ama anakaa ndani ya trekta lenye kioo. Huku kwetu ni kijana wa miaka 19, fulana imefungwa usoni, suruali imekunjwa, miguu mitupu, pampu ya lita 20 inavuja kwa mgongo. Analipwa kwa pampu, kwa hivyo anakimbia. Sumu nyingi huingia kwa ngozi, si mdomo. Akimaliza anaosha pampu mtoni, anakula mandazi na mikono hiyo hiyo. Huyo ndiye risto yenyewe. Na ukiwa umetuma pesa ya dawa bila pesa ya gambuti na glavu, umemlipa kuumia.

Hapa pia kuna kazi, nikiongea na wale mko politekniki na mnalia hakuna kitu ya kufanya. Wenye kampuni za dawa kupitia mtandao wao wa CropLife wamekuwa wakifunza vijana kuwa wapulizaji wa kulipwa: kusoma lebo, kupima, kuchagua nozeli. Nozeli si jambo dogo. Ile ya duara inayokuja na pampu ni ya wadudu, inatoa ukungu unaopeperuka hadi kwa jirani. Ya magugu inatakiwa kutoa bapa kama feni, matone mazito, karibu na ardhi. Na pampu ya magugu ibaki ya magugu. Ukiitumia kesho kwa sukuma wiki, usishangae.

Gugu ambalo chupa haliliwezi

Sasa tukishuka kidogo, Vihiga, Butere, Busia, kuvuka hadi Siaya, kuna adui ambaye hata ununue agroveti yote hamtoi. Ni striga. Wajaluo wanaiita kayongo. Iko na maua mazuri ya zambarau, ungedhani ni ya kupelekea dem. Lakini ikitoa ua juu ya ardhi, kazi ilishaisha zamani chini.

Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja unatoa makumi ya maelfu. Inaweza kukaa kwa udongo zaidi ya miaka 10 imelala. Haiamki kwa mvua tu. Inangoja hadi mzizi wa mahindi utoe kemikali fulani karibu nayo, ndio inaamka, inajichomeka kwa mzizi na kuanza kunyonya. Mahindi inadumaa, inakuwa njano, hata mvua ikiwa ya kutosha. Wazee wakasema ni uchawi, na siwalaumu. Kupuliza maua ya striga ni kumfuata mwizi ashavuka Malaba. Na inapenda udongo uliochoka, ule umepandwa mahindi juu ya mahindi miaka 20 bila samadi.

Hapa ndio utapenda akili ya watu. Njia ya kwanza ilitoka icipe, kituo chao cha Mbita, ziwani, tangu miaka ya 1990 wakishirikiana na watafiti wa Kenya na wa Uingereza. Inaitwa sukuma-vuta. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu inafukuza wale viwavi wa kutoboa bua, nepia inawavuta pembeni. Walikuwa wanatafuta dawa ya viwavi tu, lakini wakagundua striga nayo inapotea. Kumbe mizizi ya desmodiamu inaamsha mbegu za striga halafu inazizuia zisijishike kwa mahindi. Zinaamka, zinakosa wa kunyonya, zinakufa. Juu ya hiyo inafunika udongo magugu mengine yasiote, inaongeza naitrojeni, na ng'ombe anaila. Shida yake ni subira: msimu wa kwanza inataka upalilie kwa mkono vizuri hadi ishike, na mbegu si rahisi kupata kila mahali.

Ya pili ni mbegu. 2005 ilizinduliwa Kisumu mahindi iliyopewa jina Ua Kayongo, imepakwa dawa ya magugu juu ya mbegu yenyewe. Mahindi hiyo inastahimili, striga ikikaribia inakufa. Dawa ni kidogo sana, iko pale tu inahitajika. Lakini ukishaishika osha mikono kabla ya kugusa mbegu ya maharagwe, la sivyo umeyaua kabla hayajazaliwa.

Ya tatu ndiyo kali. Wanasayansi walipata kuvu inayougua striga peke yake, haina habari na mahindi. Inasafirishwa ikiwa imeoteshwa kwa kijiti cha kuchokoa meno. Mama kijijini anapika wali, anaupoesha, anatia kijiti, kuvu inaenea kwa wali, halafu wakati wa kupanda anatia kidogo kwa kila shimo pamoja na mbegu. Striga ikiota inaugua inakufa. Walijaribu kwa mashamba 500 ya Western, na utafiti uliochapishwa 2016 ukionyesha mavuno yakipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Sokoni inaitwa Kichawi Kill. Wali na kijiti, buda.

Na kama unadhani jibu ni dawa kali zaidi, waulize Wamarekani. Mwaka 1996 walianza kupanda soya zisizouliwa na glifoseti, wakapuliza kila mahali kila mwaka. Katikati ya miaka ya 2000 terere moja la kwao, binamu wa hili letu, likaacha kufa. Mmea mmoja unatoa mbegu laki kadhaa. Leo kuna mashamba huko watu wamerudi kung'oa kwa mkono.

Basi meseji ikiingia, piga simu kwanza. Uliza ni shamba lipi, lile la mahindi na maharagwe ama lile halijapandwa lenye nyasi za kamba. La pili, sawa, glifoseti, maji safi, na tuma ya gambuti na glavu. La kwanza, tuma ya vibarua wawili, na utume mapema, wiki ya pili baada ya kupanda, wakati palizi ni kazi ya siku moja. Uliza kama kuna maua ya zambarau. Yakiwepo, mwambie aende KALRO Kakamega ama kwa afisa wa kilimo wa wadi aulizie desmodiamu, na asiache hayo maua yakomae, ayang'oe na kuyachoma.

Na ile chupa ikiisha, isioshwe ikawekwe maziwa. Isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yarudi kwa pampu, halafu itobolewe tundu chini na msumari.